Mwongozo kwa Mgeni Anayesisitiza Kumwona Spinosaurus

Kama umeshaamua kwenda, hatutakuzuia. Ndugu zako wameshajaribu. Kazi ya mwongozo huu ni kukufikisha, kukuonyesha pa kusimama, na kukueleza taratibu ambazo wenyeji wa huko wanazifuata bila kuandikiwa. Usome wote kabla hujaondoka, maana huko hakuna atakayekusubiri ufungue ukurasa.

Anza na mahali. Ukipanda ndege leo ukashukia Moroko, ukaelekea kusini-mashariki hadi kwenye magenge ya Kem Kem, jirani na mpaka wa Aljeria, utakuta mawe mekundu, vumbi na jua la Sahara. Hapo umefika mahali penyewe, ila umechelewa. Rudi nyuma miaka milioni 95, au ikaribie 100 kama unapenda kuwahi. Sasa utakuta mito mipana yenye matope inayotiririka kuelekea bahari iliyokuwa upande wa kaskazini, vinamasi kila uendako, na joto la kulowesha shati kabla hujalivaa. Kilemba cha jangwani kiache nyumbani. Beba mabuti ya mpira yanayofika magotini. Maji yatafika kiunoni.

Hatua inayofuata ni kuchagua Spinosaurus wako, na uichukue mapema, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu safari. Mnyama ni mmoja, lakini umbo lake linategemea mwaka wa kitabu ulichosoma. Ernst Stromer, Mjerumani aliyempa jina mwaka 1915 kutokana na mifupa iliyochimbwa kwenye oasisi ya Bahariya nchini Misri, alimchora mwaka 1936 akiwa amesimama wima kwa miguu miwili. Ukimchagua huyo, kimbilia majini. Mwaka 2001 filamu ya Jurassic Park III ilimwonyesha akimvunja shingo Tyrannosaurus. Ukimchagua huyo, usijisumbue kukimbia, ila ufe ukijua kwamba wawili hao hawakuwahi kukutana: mmoja alikuwa Afrika, na mwenzake alitokea Amerika ya Kaskazini karibu miaka milioni 30 baadaye. Mwaka 2014 Nizar Ibrahim na wenzake walitangaza Spinosaurus mwenye miguu mifupi ya nyuma, anayejikokota kwa miguu minne nchi kavu lakini hodari majini. Huyo mkimbie kwa kupanda mlima.

Usifunge kitabu, bado. Mwaka 2018 Donald Henderson alimjenga ndani ya kompyuta, akamtia majini, akaona anaelea vizuri kisha anapinduka ubavu. Huyo wa 2018 unamsubiri tu apinduke. Mwaka 2020 watu wa Ibrahim wakatoa mkia uliochimbwa upya, mpana na mrefu mfano wa kasia, na mnyama akarudishwa mtoni. Mwaka 2021 David Hone na Thomas Holtz wakamtoa tena hadi kwenye maji ya kina kifupi, asimame ukingoni na kuvizia samaki kama afanyavyo korongo. Mwaka 2022 kundi moja likasema mifupa yake ni mizito na imeshikana, dalili ya mnyama azamiaye kuwinda. Mwaka huohuo Paul Sereno na wenzake wakasema la, alitembea kwa miguu miwili, na kuogelea kwenyewe kulimpa shida.

Wote hawa wana vipimo, na wote wana michoro ya rangi inayopendeza. Utaratibu unaokubalika ni huu: chagua kambi moja, kariri namna ya kumkwepa mnyama wa kambi hiyo, na usiyumbe hata ukimwona kwa macho anafanya kinyume. Mnyama mwenyewe hajasoma hata makala moja.

Kabla ya kufunga mizigo, kuna ombi ambalo usithubutu kulitoa: usiombe kuonyeshwa mifupa ya kwanza. Ile ya Bahariya, aliyoichimbua Richard Markgraf mwaka 1912, ilipelekwa Munich na kuwekwa kwenye makumbusho katikati ya jiji. Vita vilipoiva, Stromer, ambaye hakuwapenda Wanazi na hakuficha, aliomba mifupa ihamishiwe mahali salama. Mkurugenzi wa makumbusho, aliyekuwa upande wa chama, alikataa. Kuihamisha kungekuwa sawa na kukiri kwamba mabomu yanaweza kufika Munich, na hilo lilikuwa limeshatangazwa kuwa haliwezekani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1944 ndege za Uingereza zilifika. Yalibaki maandishi ya Stromer, michoro yake, na picha chache zilizokuja kuonekana tena kwenye nyaraka za makumbusho mwaka 2000. Kwa hiyo ukifika popote ukamkuta kiongozi anayesema hapa hakuna hatari, ondoa mifupa kwanza. Ikiwezekana uiondoe ukiwa bado umo ndani yake.

Sasa umefika mtoni. Tulia, tazama nani yupo, na uanze kuhesabu. Kuna Carcharodontosaurus, jitu la mita 12 hivi lenye meno bapa yenye makali ya msumeno. Kuna Deltadromeus, mwembamba mwenye miguu ya mbio. Kuna wala nyama wengine wenye vichwa vifupi, kuna mamba wa aina kadhaa, mmoja wao mwenye kichwa bapa cha kujilaza chini na kungoja, na kuna pterosauri wakubwa juu. Halafu kuna Spinosaurus mwenyewe, mita 14 hivi kutoka pua hadi ncha ya mkia, ambaye wengi wanamkadiria kuwa na tani kama 7. Ukimaliza kuwahesabu hao, tafuta wala majani. Utamwona Rebbachisaurus mwenye shingo ndefu, na baada yake utatafuta sana. Kwa hesabu za kawaida za bucha, hapa wateja ni wengi kuliko nyama. Stromer aliliona jambo hilo kule Misri zamani, likamsumbua, na wataalamu mpaka leo wanaliita fumbo la Stromer.

Wenyeji wao halikuwasumbua kamwe, kwa sababu walikuwa wanakula samaki. Na usifikirie dagaa. Mtoni mle mlikuwa na Onchopristis, jamaa mwenye pua ndefu iliyopangwa meno yenye ndoana pande zote mbili. Mlikuwa na ndugu wa kamongo. Mlikuwa na Mawsonia, ambaye ni wa ukoo wa silikanti. Silikanti wa leo, yule anayenaswa kwa bahati mbaya kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga hadi akatengewa hifadhi ya bahari kule, hufikia karibu mita 2 na hujificha kwenye kina kirefu. Mawsonia alimzidi kwa mbali, tena aliishi mtoni, anakoweza kufikiwa na kila mwenye njaa. Samaki wa namna hiyo mmoja anatosha kumshibisha dinosaria na kumwachia mamba kichwa.

Ndipo zikazaliwa taratibu. Mwenye meno ya kisu anakula nchi kavu. Mwenye meno ya mkuki anakula mtoni. Mkubwa akija, mdogo anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na shughuli kwingine. Hakuna aliyeziandika, hakuna anayezihoji, na kwa miaka mingi sana zimezuia ugomvi wa bure. Wewe huna meno ya kisu, huna ya mkuki, na hukuja na samaki. Zitazame taratibu hizo kwa makini uone zinakuweka upande gani wa sahani.

Kuhusu mahali pa kusimama, fuata maelekezo haya bila kupunguza. Usisimame ukingoni, ni pa Carcharodontosaurus. Usiingie majini, unajua ni kwa nani. Usipumzike juu ya gogo kabla ya kuligonga, na usiligonge. Fungu la mchanga katikati ya mto linavutia sana kwa mgeni. Mamba nao wanaliona hivyohivyo. Mahali palipobaki panatosha mtu mmoja mwembamba, akiwa hajali kuhusu pterosauri.

Ukishajibanza, jifunze kumtambua kwa uso. Kuna pua moja ya Spinosaurus wa Moroko iliyofika kwenye makumbusho ya Milan, nchini Italia, na kuelezwa na wataalamu mwaka 2005. Kipande hicho cha taya ya juu peke yake kina karibu mita 1. Chunguza: mbele taya imepanuka kidogo, kisha ikabanwa, kisha ikapanuka tena, muundo mzuri wa kushikia kitu chenye utelezi. Meno ni ya mviringo, yamechongoka, hayana makali ya msumeno. Matundu ya pua hayapo kwenye ncha kama unavyotarajia. Ni madogo, na yamerudi nyuma sana kuelekea machoni, ili mdomo ukae majini muda mrefu huku mwenyewe akipumua bila haraka. Kwenye ncha ya mdomo kuna vitobo vingi vidogo, na inadhaniwa ndani yake mlipita mishipa ya fahamu ya kuhisi mtikisiko wa maji, kama ilivyo kwa mamba. Na kwenye meno ya pua hiyo ya Milan umekwama mfupa wa Onchopristis. Alikufa hajauchokonoa.

Mambo matatu yanafuata hapo. Usitikise vidole vya miguu ndani ya maji, hata kama kuna kitu kinakutekenya. Pili, ukiona tundu la pua juu ya maji, usipoteze muda kujiuliza mdomo uko wapi: uko karibu mita moja mbele ya tundu hilo, na umeelekezwa kwako. La tatu ni la kukufariji. Akikukamata, usiogope kukatwa. Meno hayo hayakati. Yanashika.

Juu ya tanga lililoko mgongoni tutasema kidogo, kwa sababu wengi wameshasema sana. Ni miiba ya uti wa mgongo, na ule mrefu kuliko yote aliopima Stromer ulifika mita 1.65, yaani kimo cha mtu mzima wa kawaida kikiwa kimepachikwa juu ya mgongo wa mwingine. Lilikuwa la nini? Wapo waliosema la kupokea joto la jua, wapo waliosema la kupunguza joto hilohilo, wapo waliosema halikuwa tanga bali nundu ya mafuta. Siku hizi jibu la heshima ni kwamba lilikuwa la kujionyesha mbele ya wenzake. Ukiulizwa, jibu hivyo, kisha geuza mazungumzo. Usiulize mwenyewe ukiwa karibu, na usilisifie: anayejionyesha akisifiwa husogea.

Wako watakaosema safari ya miaka milioni 95 ni ndefu, bora waende Moroko ya leo wanunue jino. Nao tunawaelekeza. Nenda mji wa Erfoud. Huko visukuku vinauzwa madukani, barabarani na majumbani, na meno ya Spinosaurus yapo ya kumwaga. Usishangae wingi huo. Mnyama huyu aliangusha meno na kuota mengine maisha yake yote, na mwaka 2020 watafiti waliokusanya mabaki ya meno zaidi ya 1,200 kwenye mto mmoja wa kale wa Kem Kem walikuta karibu nusu ni yake. Wachimbaji huingia kwenye magenge kwa vijishimo vyembamba, wakilala kifudifudi, wakigonga mwamba kwa zana za mkono na kusukuma kifusi nyuma yao. Gema likishuka, halimshukii mtalii. Kumbuka hilo unapoanza kumwambia muuzaji apunguze bei.

Taratibu za soko zipo pia, nazo hazijabandikwa ukutani. Jino zuri sana, refu sana, lisilo na ufa hata mmoja, limetoka kwa wanyama wawili na chupa moja ya gundi. Jino lenye udongo wake mwekundu bado umeligandia huenda liligandishwa udongo juzi. Usiulize limechimbwa wapi, kwa sababu utajibiwa, na jibu litakuwa zuri. Mtaalamu yeyote atakueleza kwamba mfupa usiojulikana ulipotoka umepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa sayansi. Dukani bei yake haishuki hata dirhamu moja.

Ukitaka kujua watu wazima wanavyolifanya jambo hili, msikilize Ibrahim. Mwaka 2008, akiwa bado mwanafunzi, mtu mmoja pale Erfoud alimletea boksi la karatasi ngumu lenye mifupa iliyojaa tope. Mwaka uliofuata, Milan, akaonyeshwa mifupa mingine iliyokwisha kutolewa Moroko, yenye tope la namna ileile. Akashuku kwamba ni mnyama mmoja. Kilichobaki ni kumpata yule mtu wa boksi, ambaye hakumjua jina, namba ya simu wala mtaa. Alichokumbuka ni kwamba ana masharubu. Mwaka 2013 akarudi Moroko na wenzake kumtafuta mwanamume mwenye masharubu, katika nchi ambayo masharubu si haba. Walipokata tamaa wakakaa mkahawani. Mtu akapita mbele yao. Alikuwa ndiye, na akawapeleka hadi kwenye shimo. Mifupa ile iko Casablanca sasa, na mkia ule wa 2020 ulitoka shimo hilohilo. Wewe ukienda kukaa mkahawani Erfoud, utaletewa chai ya mnanaa na boksi la meno, na hakuna atakayepita.

Neno dogo kwa Mtanzania ambaye tangu mwanzo anakunja uso akisema haya yote yalianzia kwetu. Ni kweli, lipo jino. Lilichimbwa na Wajerumani Tendaguru, mkoani Lindi, katika msafara wa 1909 hadi 1913, na mwaka 2012 Eric Buffetaut alilipa jina Ostafrikasaurus, akisema mwenye jino alikuwa wa ukoo wa Spinosaurus, tena wa mapema, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wengine wanasema ni wa ukoo mwingine kabisa. Jivune kwa sauti ya wastani. Jino lenyewe liko Berlin.

Limebaki suala la mwisho, na tulizungumze kama watu wazima. Utaliwa, au utazama. Katika ubishi wote wa wataalamu, hilo halina upinzani mkubwa. Hata hivyo unaweza bado kuwa na manufaa, ndiyo maana tumekuvumilia hadi hapa. Beba tepu ya fundi. Ukipata nafasi, mpime mguu wa nyuma, kutoka nyonga hadi unyayo, maana watu wazima wenye vyeo vyao wamegombana juu ya mguu huo tangu 2014. Mpime na mkono. Mkono wake mzima hakuna aliyewahi kuupata. Hesabu anakanyaga kwa miguu mingapi. Tazama akizama, uone kama anapinduka. Vipimo usiviandike kwenye simu. Vikwangue kwenye jiwe, kwa herufi kubwa.

Kisha chagua vizuri pa kufia. Usifie kwenye mkondo wenye mchanga: maji ya huko husambaza mifupa, goti huku na taya kule, na miaka milioni 95 baadaye vitachimbwa na watu tofauti na kuuzwa kwenye maduka tofauti. Tafuta tope laini, kando ya mto, mahali maji yametulia, na umvutie huko mnyama mwenyewe ili mfukiwe pamoja. Lala ukiwa umeshika tepu. Na tafadhali, mkae mahali pamoja, kichwa hadi mkia, mikono na miguu yote ikiwapo. Vipande tunavyo vya kutosha.